Rada ya Gahanga

Katika Kigali ya wakati ule hakuna mtu aliyekuwa mbali. Ukimpigia mtu simu ofisini kwake Kacyiru kumuuliza mbona hajafika, atakwambia ameshatoka, yuko njiani, na huku ndiye aliyeshika mkonga wa simu. Ukimngoja mgeni stendi ya Nyabugogo na basi lake likachelewa nusu siku, atashuka akiapa kwamba walikuwa karibu tangu asubuhi. Hatukuuona kuwa uongo. Ilikuwa adabu: mtu anayekungoja humvunji moyo kwa kumtajia kilomita. Adabu hiyo inafaa kwenye harusi na misiba. Kwenye ndege haifai, na kazi yangu mimi ilikuwa ndege.

Nilikuwa mwanafunzi wa kuongoza ndege katika mnara wa uwanja wetu, mwaka wa tisini na moja. Nachagua mwaka huo kwa sababu ndio ninaoweza kuusimulia nikicheka. Miaka iliyofuata ina wasimulizi wake, na hawacheki. Vita vilikuwa vimeshaanza kaskazini, na siku nyingine askari walikuwa wengi uwanjani kuliko abiria, lakini ndege za kawaida ziliendelea kuja na lazima awepo mtu wa kuziambia ipi itue kwanza.

Hatukuwa na rada. Vijana nikiwaambia hivyo siku hizi hunitazama kana kwamba nimesema tulikuwa tukipasua wagonjwa kwa jembe. Tulikuwa na redio, saa ya ukutani, darubini moja yenye mkanda uliokatika, na vikaratasi vyembamba vilivyopangwa mezani. Kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake. Rubani anasema yuko wapi na atafika saa ngapi, wewe unaandika, unavipanga kwa mfuatano wa kufika, kisha unahakikisha kati ya kimoja na kingine kuna dakika za kutosha. Rubani akidanganya, kikaratasi nacho kinadanganya, na wewe unawadanganya marubani wengine wote kwa sauti nzuri ya serikali.

Tena barabara ya kutua ndege ilikuwa moja, na haikuwa na njia ya pembeni. Ndege kubwa ikitua ilikwenda hadi mwisho, ikageuka kwa shida kama lori kwenye uchochoro, halafu ikarudi juu ya barabara ile ile mpaka kwenye maegesho. Muda wote huo hakuna mwingine anayetua. Aliyekuja nyuma yake azunguke angani ahesabu milima, na kwetu milima haikosekani. Kwa hiyo kila rubani wa ndege ndogo alitamani kuitangulia ndege kubwa ya Ulaya, iliyokuja asubuhi mara tatu kwa wiki.

Hakuna aliyetamani zaidi kuliko rubani wa Kamembe, kule kusini-magharibi.

Huyu alikuwa mtu wa kitambi na sauti tamu, aliyekulia ng'ambo ya pili ya ziwa Kivu, na ndege yake ilibeba abiria sita na magunia ya sambaza wakavu, dagaa wa ziwa hilo. Ukipanda nayo unashuka unanukia samaki wiki nzima. Sheria ilikuwa kwamba anayetoka upande wake atangaze anapovuka mto Nyabarongo, nyuma ya kilima cha Gahanga. Kutoka hapo mpaka kutua ni dakika nne. Kutoka mnarani mto wenyewe huuoni, kilima kimekaa mbele yake, na ndege yake ilikuwa ya rangi ya moshi, huioni mpaka ichomoze juu ya mgongo wa kilima. Kwenye redio tuliongea Kifaransa kama ilivyotakiwa, lakini yeye akishamaliza sentensi ya sheria huongeza mkia wa Kiswahili chake.

"Mi niko ku mto, dada. Naona maji. Naona hata mama mwenye anafua nguo."

Huyo mama wa kufua ndiye aliyeniponza. Siku ya mtihani wangu wa leseni nilimwamini rubani, nikampa nafasi ya kwanza, nikaiambia ndege kubwa ifuate nyuma yake. Zikapita dakika nne, zikapita saba, hakuna mtu. Ndege kubwa ilipokuwa imeshashusha magurudumu, ndipo sambaza wakachomoza Gahanga, wakakata kona mbele yake bila haya. Ndege kubwa ikakatisha kutua, ikapanda tena kwa ngurumo iliyotikisa vioo vya mnara. Nahodha wake aliniuliza, kwa upole unaotisha kuliko matusi, kama nilikuwa nimelala.

Mtahini, bwana mmoja aliyetumwa kutoka wizarani Kacyiru, alifunga jalada lake. Alisema nitarudia baada ya miezi mitatu. Nikishindwa mara ya pili, kulikuwa na nafasi ya karani katika chumba cha majalada huko huko Kacyiru. Chumba hicho nilikuwa nimekiona. Hakikuwa na dirisha hata moja. Mimi niliyekuwa nikiuona mji mzima kutoka kwenye kiti changu, mvua ikitoka Bugesera naiona kabla haijawalowesha watu, nipelekwe nikaishi na mende na barua za zamani! Nililia chooni, kisha nikanawa uso na kuanza kukasirika, hali inayonifaa zaidi.

Aliyekuwa akinifundisha alikuwa mzee wa karanga mfukoni na maneno machache.

"Wewe ulimwamini," aliniambia.

"Mzee, alisema anamwona mama anafua."

"Binti, mto iko na mama anafua kila siku. Hata mimi namuona kutoka hapa, na mto siioni." Akatafuna karanga. "Njia ya mwongo ni fupi."

Niliona ni kweli kabisa. Huyu aliifupisha kwa dakika kadhaa kila safari.

Lakini nilihitaji kuthibitisha. Basi siku yangu ya mapumziko nikaenda Gahanga kwa shangazi yangu. Sisi ni watu wa Biryogo, Waswahili wa mjini, ila shangazi aliolewa kule shambani, akafiwa na mume, akabaki na maharage, mbuzi wawili na ulimi ambao haujawahi kupumzika. Nyumba yake ilikaa juu mgongoni mwa kilima: mlango wa mbele ulitazama uwanja wa ndege, wa nyuma ulitazama mto. Niliketi nyuma na saa yangu ya mkononi. Ndege ya sambaza ilipovuka maji niliandika dakika. Kesho yake nikalinganisha na daftari la mnara. Alikuwa ametangaza mto dakika saba kabla. Na mama wa kufua hakuwepo. Palikuwa na ng'ombe tu.

Shangazi alikuwa ameniangalia nikiandika, na nilipomweleza alikasirika kuliko mimi.

"Yaani iko anadanganya serikali juu ya kichwa yangu?" alisema. "Mbuzi yangu inaruka kila siku juu ya kelele ya hiyo ndege, kumbe na yeye ni mwongo!"

Mpango ulikuwa wake, nami sitajitwalia sifa. Ndege ikivuka mto, yeye angeanika shuka jeupe kwenye ua wa minyaa upande wa mbele. Mimi mnarani ningeliona kwa darubini. Hakuna shuka, hakuna ndege. Alitumia shuka la wageni kwa sababu mengine hayakuwa meupe vya kutosha, na akataka alipwe kwa kilo ya sukari na habari za abiria wakubwa wanaoshuka.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi hodari. Rubani anatangaza mto, nami najifanya kuangalia hali ya hewa upande wa kusini. Ua ni wa kijani mtupu. Namwambia kwa Kifaransa safi, "Tangaza tena utakapoufikia mto kweli," na kimya kinachofuata ni kitamu kuliko muziki.

"Dada," aliniuliza siku moja, "wewe iko na macho gani?"

"Ya kawaida."

"Hapana. Wewe ulirogwa vizuri."

Mzee alitazama darubini, akatazama Gahanga, akanitazama mimi. Alinisogezea karanga, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa medali. Shangazi hakukosea hata mara moja. Siku moja shuka lilipanda na kushuka na kupanda tena, nikadhani ni ndege mbili. Kumbe mbuzi alikuwa amelivuta.

Mtihani wa pili ulipangwa Ijumaa. Nilipita Gahanga siku mbili kabla nikamweleza shangazi kwamba Ijumaa ndiyo siku yenyewe, asiende hata kuchota maji. Alilifua shuka upya. Ijumaa ikafika, shuka likapanda na kushuka kama bendera, ila mtahini hakuja. Gari lake lilikuwa limeharibika. Akapiga simu kwamba tufanye kesho yake asubuhi. Nikasema hewala. Shangazi si yupo kila siku? Kazi ya zamu hula siku za wiki. Mnarani hakuna Jumapili wala Jumatatu, kuna zamu ya asubuhi na zamu ya mchana.

Asubuhi ile mtahini alisimama nyuma yangu, jalada chini ya kwapa. Mzee aliketi pembeni, mikono magotini. Ndege kubwa ilikuwa itue saa tatu na dakika ishirini na mbili. Saa tatu na dakika kumi na mbili, sauti tamu ikaingia. Ndege ndogo kutoka Kamembe, inavuka mto.

Nilipiga hesabu. Kama anasema kweli, atatua na kuondoka barabarani kabla ya ndege kubwa kufika, na sheria ni kwamba aliyetangulia atangulie. Kama anadanganya kwa dakika zake saba, atatokea mbele ya pua ya ndege kubwa kama mara ile, na mimi nitakwenda kuishi na mende. Nilichukua darubini. Minyaa mitupu. Nikangoja nusu dakika. Mitupu.

"Zunguka hapo ulipo," nilimwambia. "Utatua wa pili."

Akajibu kwa Kifaransa kwamba amepokea, na ule mkia ukafuata: "Dada, lakini leo niko ku mto kweli."

Nilitabasamu. Wote husema hivyo.

Ndege kubwa ikatua vizuri kama mkate unaowekwa mezani. Ilikwenda hadi mwisho, ikaanza kugeuka, na watu wote mnarani wakaitazama, kwa kuwa ndege kubwa haizoeleki hata uione mara mia. Mimi nikaiba nafasi nikaelekeza darubini Gahanga, kuona kama shuka limepanda sasa. Halikuwepo. Chini ya nyumba ya shangazi, kwenye mteremko, niliona mstari wa watu wenye majembe. Wengi, wanaume na wanawake, wamesimama na kuangalia juu. Mmoja alikuwa akipunga kanga. Ndege ya rangi ya moshi ikachomoza nyuma ya kilima, ikageuka juu yao, ikajificha tena.

Ilikuwa Jumamosi. Ilikuwa umuganda.

Nchi nzima inajua kwamba Jumamosi asubuhi kila mtu mzima hutoka na jembe lake kwenda kazi ya pamoja, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, na asiyekwenda huulizwa. Mtoto wa darasa la kwanza anajua, ila mimi tangu shuka lianze kupanda Jumamosi zangu zote zilikuwa za zamu ya mchana. Shangazi yangu alikuwa mtaroni tangu alfajiri, shuka limekunjwa sandukuni, na rubani alikuwa pale pale aliposema yuko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi nilitegemea shuka la shangazi.

Nilimwingiza rubani barabara ilipokuwa wazi. Mtahini akaangalia saa, akaandika, akaniuliza kwa nini ndege iliyotangaza mto ilizungushwa zaidi ya robo saa.

"Nilikuwa na shaka, bosi."

"Shaka ilitoka wapi?"

Ningesema nini? Ilitoka kwenye ua wa minyaa? Nikainama kuandika saa daftarini. Mzee naye akakagua kucha zake. Mtahini akaamuru rubani aitwe.

Alipanda ngazi zote akihema, harufu ya sambaza ikitangulia. Mtahini hakumpa hata kiti.

"Ulipotangaza mto, ulikuwa wapi?" alimwuliza. "Fikiri kabla ya kujibu. Kama ulikuwa mtoni, huyu binti alikunyima haki yako bila sababu, na hawezi kukaa kwenye kiti hiki. Kama hukuwa mtoni, umetoa taarifa ya uongo, na wiki nzima hutatua hapa."

Nakiri kwamba miezi mitatu nilikuwa nimeota kumwona mtu huyo amebanwa pembeni hivi. Nilikuwa nimeota hata maneno nitakayomwambia. Sasa alibanwa, naye alikuwa na ukweli mkononi, na ukweli huo ungenipeleka Kacyiru kabla ya saa sita. Nilijua anao. Nilimwona kwa macho yangu juu ya kichwa cha shangazi. Nilitazama vikaratasi vyangu na kuanza kuvinyoosha, ingawa vilikuwa vimenyooka.

Rubani alifuta jasho shingoni kwa kitambaa. Alinitazama, akamtazama mzee, kisha akamgeukia mtahini.

"Bosi, nilikuwa mbali," alisema. "Milima miwili nyuma ya mto. Nilidanganya. Huyu dada ananijua, hapana mtu anaweza mudanganya."

Mtahini alipiga kelele kidogo, kama inavyostahili, akaandika barua ya onyo kwa mwenye ndege: wiki moja asitue Kigali. Kisha akageuza ukurasa, akatia sahihi leseni yangu, na kunipa mkono. Akamwambia mzee kwamba binti huyu ana kipaji cha kutoamini. Mzee akajibu, "Ndiyo, bosi," huku akiangalia dirishani.

Nilishuka ngazi mbio, nikamkuta rubani kwenye maegesho akihesabu magunia yake.

"Kaka," nilisema, "ulikuwa mtoni."

"Nilikuwa ku mto."

"Sasa mbona..."

"Jana mzee alipiga simu Kamembe." Hakuacha kuhesabu. "Akasema, kesho binti yetu iko na mtihani, chunga, mara hii sema kweli. Mi nikasema kweli, dada. Niliangalia maji kwa macho. Nikangoja mpaka nifike katikati ya mto, ndiyo nikafungua mdomo. Mara ya kwanza mwaka huu! Na wewe ukanizungusha juu ya watu wa umuganda mpaka wakaanza kunipigia mikono."

"Ungemwambia mtahini hivyo hivyo."

Alinigeukia kana kwamba nimemwambia apige mbizi uwanjani.

"Nimwambie kweli mara mbili ndani ya siku moja?" alisema. "Mi? Nani angeniamini?"

Nilicheka mpaka nikashika gunia la sambaza nisianguke, naye akacheka, kitambi kikitikisika, na kwa dakika ile nilimpenda kama mtu wa nyumbani. Kisha akapanda ndegeni kuchukua koti, nami nikabaki na leseni mkononi, wino wake bado mbichi. Nilijua cha kufanya. Mtahini alikuwa bado juu, gari lake lilikuwa halijawashwa. Nilipanda ngazi nne. Kutoka pale ungeweza kuona maegesho, barabara na vilima vyote hadi Bugesera, na anga lilikuwa safi kabisa. Nikasimama, nikaitia leseni ndani ya blauzi, nikashuka tena taratibu. Yeye alikaa chini bila kuruka wiki nzima kwa ajili ya siku moja aliyosema kweli, na mimi nikaanza kazi Jumatatu.